Wasaidizi sita wa AI walivyofuta foleni yetu ya malori Sumbawanga, na daftari la Sadoki

Wakuu, kwema huko mliko.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauacha kama ulivyo. Chumvi siongezi, na majina nataja, maana habari za "jamaa mmoja hivi" nimezichoka. Nikikosea jina la kitu cha kompyuta mnivumilie, mimi ni darasa la saba na nimekaa kwenye usukani wa lori miaka ishirini na ushee.

Wale ambao mkisikia Sumbawanga mnaanza utani wa ungo, piteni uzi mwingine. Humu hakuna mchawi. Afadhali angekuwepo, ningejua pa kuanzia.

Twende taratibu.

Miaka minane iliyopita nilikuwa nashuka na lori kwenda Ilemba kuchukua mpunga. Mnaoijua ile njia mnaijua. Ukitoka huku juu Ufipa unaanza kushuka mteremko wa Lyamba, kona inazaa kona, bonde lote unaliona chini yako. Breki zikakatika.

Mimi nilitoka hai. Utingo wangu, Filbati, hakutoka.

Mguu wa kulia haukunji mpaka leo. Kichwa nacho kiligonga, kuna siku nyingi za kabla na baada ya ajali ambazo sizioni kabisa, kama mtu amechana kurasa.

Aliyenipa lile lori ni Sadoki. Sisi ni madereva wa deiwaka, tunakaa maegesho ya Majengo, lori likihitaji dereva tunapangiwa kwa zamu. Mshika daftari la zamu ni Sadoki. Nani aende Ilemba, nani aende Kasesya mpakani, kalamu ni yake.

Siku ile haikuwa zamu yangu. Alinisogeza mbele akanipa gari bovu. Hivyo ndivyo nilivyojua miaka yote minane, na ndivyo nilivyomwambia mjane wa Filbati nilipotoka hospitali kwenda kumpa pole. Toka siku hiyo sikumpa Sadoki shikamoo tena, japo ni mkubwa kwangu. Nikikutana naye nasema "za hapa" napita.

Sasa mwaka huu malalamiko ya foleni yakazidi. Mwenyekiti wa umoja wetu akasema tutafute mfumo wa kompyuta, kila dereva aone zamu yake kwenye simu.

Nikanyoosha mkono.

"Wewe Dismasi utaandika na mguu upi?" mwenyekiti akauliza. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika magari.

Lakini walinipa. Mpaka mkutano wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mfumo ukifanya kazi, mimi ndiye karani wa foleni. Usipofanya kazi, Sadoki anaendelea, na mimi narudi kibarazani kumpepetea mke wangu maharage. Wakuu, kazi ya kukaa ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo. Naomba mlikumbuke hilo mkisoma huko mbele.

Fundi Hemedi, mwenye duka la simu na kompyuta jirani na maegesho, akanipa laptop chakavu akaniwekea msaidizi wa AI wa kuandika program. Unamwandikia Kiswahili unachotaka, yeye anaandika kodi, yale maandishi ya kompyuta. Wiki ya kwanza nilikuwa na mmoja, tukaenda vizuri. Sadoki aliamriwa na mwenyekiti anisomee majina kutoka kwenye daftari lake, madereva arobaini na watatu na zamu zao. Alisoma, nikaandika. Siku mbili, hatuangaliani usoni.

Kisha Hemedi akapita nyumbani. "Kaka, mbona unalima na jembe moja na mkutano umekaribia? Fungua hata sita."

Akaniwekea dashibodi. Ni ukurasa unaofunguka kwenye mashine yangu tu, siyo mtandaoni, unaonyesha session zote sita, yaani wasaidizi wote, kwa mpigo. Kila moja ina kazi yake na taa yake. Kijani anafanya kazi. Njano anakusubiri wewe. Nyekundu amekwama.

Alinielekeza kama robo saa, simu ikaita, mteja kavunja kioo, akaondoka. Hemedi na yeye namtaja, atanisamehe.

Jumanne nikawapa kazi wote sita. Wa kwanza mpangilio wa foleni, wa pili majaribio, wa tatu sura ya kwenye simu, wa nne usafi wa kodi, wengine wawili sikumbuki vizuri niliwapa nini, na hilo lenyewe lilitakiwa kunishtua.

Nikaketi naangalia taa. Baada ya muda mfupi zote njano.

Dereva yeyote wa deiwaka atakuelewa hapa. Kwenye lori taa ya njano unakwenda nayo. Ukisimama kila njano hutafika Kasesya. Unasimama nyekundu. Basi nikaziacha, nikaenda kunywa chai, nikalala kidogo, nikarudi jioni. Njano zote. Siku nzima wamekaa wananisubiri niwape ruhusa ya vitu vidogo vidogo, mmoja alikuwa anaomba ruhusa ya kufungua faili tu.

Nilikasirika. Kulikuwa na sehemu imeandikwa ruhusu yote bila kuuliza. Jumatano asubuhi nikaibonyeza kwa wote sita.

Taa zikawa kijani sita. Nikajiona meneja.

Sasa sikieni kosa lenyewe, maana najua wataalamu humu mmeshaanza kutikisa kichwa. Kwetu Ufipa ukialika watu waje kulima, unapika pombe ya ulezi, wanakuja na majembe, wote wanaingia shamba moja. Wanafukia majani, wanainua ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, huyu hapa yule pale, na hakuna anayebomoa tuta la mwenzake kwa sababu wanaonana. Sikuwahi kuona mtu anaalika watu sita anawapa mashamba sita halafu aje ayaunganishe.

Kwa hiyo niliwaingiza wote folda moja. Ile yenye majina.

Kumbe hawaonani.

Jumatano hiyohiyo Sadoki alikuja nyumbani. Alitumwa na mwenyekiti kuleta jina la dereva mmoja lililosahauliwa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Mke wangu, Mama Aneth, akamkaribisha chai, na kiti alichokalia ni kile kilicho mbele ya laptop.

Alhamisi nafungua foleni niingize lile jina. Tupu. Majina yote hayapo.

Nikatoka jasho, na baridi ya Sumbawanga mnaijua. Nikamwita mke wangu. "Nani alikaa hapa jana?"

"Mzee Sadoki. Alikunywa chai akaondoka."

Sikuhitaji kingine. Nikaingia kwenye group la WhatsApp la madereva nikaweka voice, nikasema Sadoki ameingia kwangu amefuta kazi ya umoja kwa sababu anaogopa kuachia daftari, na kwamba mtu aliyeua mara moja kufuta majina kwake ni nini. Nilisema hivyo wakuu. Ipo, watu wameihifadhi.

Sadoki aliisikiliza, alama mbili za bluu niliziona.

Nikampigia Hemedi aje athibitishe. Akaja, akakaa, akafungua kumbukumbu za kila session, yale maandishi ya walichofanya na saa walizofanya. Akasoma yote. Kisha akanigeuzia kioo.

"Kaka, huyu ni wa nne. Asubuhi saa nne. Mzee Sadoki alikuja saa ngapi?"

"Mchana," mke wangu akajibu kabla yangu.

Ilikuwa hivi. Wa pili, yule wa majaribio, alichanganya majina ya uongo kwenye faili lilelile la majina ya kweli, akaandika juu yake kwamba hili ni la majaribio. Wa nne alikuja na jembe lake, akakuta faili limeandikwa la majaribio, akalifuta lote. Na juu kabisa kuna amri yangu, kwa mwandiko wangu, na makosa yangu ya herufi: safisha takataka zote za majaribio usiniulize.

"Ulikuwa na nakala?" Hemedi akauliza.

"Nakala ya nini?"

"Sasa si kila mmoja anapewa folda yake, halafu kazi zinaunganishwa mwishoni?"

"Ulinieleza saa ngapi hayo?"

Akaangalia chini. "Simu iliita," akasema.

Mkutano kesho kutwa. Majina yamebaki sehemu moja tu duniani, kwenye daftari la mtu niliyetoka kumwita muuaji mbele ya madereva wote wa umoja.

Ijumaa nikaenda kwake. Kutoka kwangu ni mwendo mfupi, ila mimi na mguu huu ilinichukua asubuhi nzima, nilipumzika sehemu nne, na kusema kweli mbili kati ya hizo mguu haukuuma.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuomba daftari. Majina hukufuta wewe. Niliyafuta mimi, kwa kutuma mashine."

"Hiyo ya majina tu?"

Sikuelewa. Nikasema ndiyo.

Akaingia ndani, akatoka na daftari la mwaka huu. Kisha akarudi tena ndani akakaa sana, akaja na jingine, kuukuu, jalada limeliwa na panya. Akaliweka juu ya lile la kwanza.

"Chukua na hili. Hili hukuwahi kuliomba."

Nilifungulia nyumbani. Ukurasa wa siku ya ajali umekunjwa pembe. Umeandikwa, kwa mwandiko wa Sadoki: Ilemba, zamu ya Benedikto. Amebadilishana na Dismasi kwa ombi la Dismasi. Dismasi alikuwa wa Kasesya. Chini yake: taa ya njano ya breki inawaka, dereva kaambiwa.

Na saini.

Wakuu, saini ni yangu. Ile D yangu yenye mkia hakuna mwingine anayo.

Nikampelekea mke wangu asome. Akasoma, akaendelea kuchambua maharage. "Si ulisema safari ya Kasesya utakwama mpakani siku tatu, ukaomba Ilemba ili uwahi kipaimara cha Aneth?"

"Mbona hukuniambia miaka yote?"

"Hukuniuliza. Uliamka hospitali tayari unamtaja Sadoki. Nikadhani unajua jambo ambalo mimi silijui."

Nimeusogeza ule ukurasa kwenye mwanga, nimeuangalia wino. Mstari wa breki una wino uleule wa mistari mingine. Au naona hivyo. Siku nyingine naona umekolea zaidi kidogo, kama umeongezwa baadaye. Benedikto, dereva mwenzetu wakati ule, ningemuuliza, ila alihamia Zambia, simu haipatikani. Kama niliambiwa, sikumbuki kuambiwa. Lakini sikumbuki hata kuomba ile zamu, na niliomba.

Na taa ya njano mimi nilikuwa nafanyaje nayo, mmeshasoma huko juu.

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi asubuhi niliingiza majina kwa mkono, na session moja tu, nyingine tano nilizifunga. Kila njano ikiwaka nasoma inaomba nini ndipo naruhusu. Saa sita mchana mkutano ulianza, madereva wakafungua simu, foleni ikaonekana, kila mtu na zamu yake.

Kabla hawajapiga makofi nikasimama nikasema ile voice ya Alhamisi ilikuwa uongo, majina niliyafuta mwenyewe. Mwenyekiti akamuuliza Sadoki kama ana neno.

"Nimesikia," akasema. Basi.

Umoja ukaamua mfumo utumike, na daftari liendelee kama nakala, mpaka watu wauzoee mfumo. Kwa hiyo kazi nimepata. Meza ni moja. Mimi na laptop upande huu, Sadoki na kalamu upande ule, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nampa shikamoo, anaitika. Ananisomea, naandika. Kuhusu ukurasa ule hajasema kitu, na mimi sijauliza. Daftari kuukuu bado liko kwangu, hajalidai.

Nilichojifunza kwenye mashine ni kidogo. Usiwaweke wengi folda moja. Usibonyeze ruhusu yote kwa hasira. Weka nakala kabla hujaajiri msafishaji. Na kabla hujataja mtu kafungue kumbukumbu, saa na amri vimeandikwa pale.

Kwenye lile jambo jingine sijajifunza kitu, nimechanganyikiwa tu. Hata kukasirika sijaacha, ila sasa hasira inazunguka humu ndani haina pa kutua. Kama Sadoki alijua breki mbovu, kwa nini aliliruhusu gari? Kuandika "dereva kaambiwa" ndiyo imetosha? Au hayo nayauliza kwa sababu nataka abaki na kitu.

Wataalamu mnaoendesha session nyingi kwa pamoja, nielekezeni mnavyozitenganisha, kwa lugha ya mtu wa darasa la saba. Hemedi anasoma humu pia, itamsaidia.

Na wengine wote, naomba mawazo kwenye moja tu. Mjane wa Filbati anaishi huku huku Majengo. Miaka minane hajapeana mkono na mtu yeyote wa nyumba ya Sadoki, kwa neno langu mimi. Jana kapita pale mezani, kanisalimia mimi vizuri, akamruka Sadoki.

Ukurasa nimeupiga picha, upo kwenye simu. Nimefika mlangoni kwake mara mbili nikageuka.

Wa kuniambia nimsamehe Sadoki, subirini kwanza. Semeni huyu mama naanzia wapi kumwambia.