Boliti Mbili za Gitaa

Gitaa nililipata Shianda siku ya soko, limelazwa juu ya turubai kati ya pasi za makaa na viatu vya mtumba. Lilikuwa na nyuzi nne zenye kutu badala ya sita. Kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi tumboni, ambacho mafundi hukiita daraja, kilikuwa kimeinuka upande wa nyuma hata ukucha ukapita chini yake. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, karani wa ofisi, na sikuwa nimewahi kupiga gitaa maishani. Nikalinunua tu.

Wiki hizo baba alikuwa anakaa kwangu Kakamega. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na daktari alimkataza kuinama, kubeba kitu kizito na kukaa kwenye vumbi. Kazi yangu ilikuwa kumtia dawa ya matone mara nne kwa siku. Kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kuchoka na kukaa.

Sikumwuliza neno kuhusu gitaa. Nilimimina gundi ya mbao kwenye ule mwanya, nikaweka jiwe juu, na kesho yake nikafunga nyuzi mpya. Nilipokuwa nakaza uzi wa tano, daraja liling'oka kwa kishindo na kunipiga kidevuni.

"Ni nini hiyo imepasuka?" baba aliita kutoka barazani.

"Ni gitaa, baba."

"Lete hapa."

Hakuwa anaona vizuri bado. Alipitisha kidole gumba polepole pale daraja lilipokuwa, akarudia tena.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mamake. "Umepaka gundi juu ya gundi. Hapa ni laini kama sahani. Itashika nini?"

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari mpaka alipostaafu. Utotoni kwetu Khwisero nilimjua zaidi akiwa amelala. Alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, na mama akatufukuza uani tusipige kelele. Sikumbuki siku hata moja niliyowahi kufanya naye kazi ya mikono.

Jumamosi ile tulianza. Nililoweka kitambaa kwenye siki ya moto, nikakilaza juu ya gundi kuukuu hadi ikalegea, kisha nikaikwangua kwa kisu cha mezani. Kila mara nilipodhani nimemaliza, nilimpelekea. Alipapasa na kusema, "Bado." Mara ya nne alinyamaza, nikajua imekubali. Tukaiacha ikauke.

Kilichobaki ni kulibana daraja lisiteleze. Sikuwa na kibanio cha kufika katikati ya gitaa.

"Lakini mashimo unayo," baba akasema. Alimaanisha yale matundu sita ya kupitishia nyuzi. "Tafuta boliti mbili nyembamba, ndefu, na nati zake. Pitisha moja huku, nyingine kule. Ndani weka kibao."

Nilizipata kwa duka la vifaa vya ujenzi. Nilipaka gundi mpya, nikaingiza mkono kwenye tundu la gitaa, nikaanza kukaza huku vidole vyangu vikichubuka.

"Kaza kidogo huku, kidogo kule. Usimalize upande mmoja."

"Nitajuaje imetosha?"

"Gundi ikitoka pande zote kama jasho, wacha."

Siku ya pili nilitaka kufungua. Alikataa. Tulipokuwa tunakunywa chai, alianza kusimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyowahi kukaza mfuniko wa pampu upande mmoja kwa haraka akiwa kijana, ukapasuka, na zamu nzima ikasimama.

"Walikufuta?"

"Nilienda mwenyewe kwa msimamizi, nikamwambia ni mimi. Mamako sikumwambia."

Alicheka kidogo. Nikamwongeza chai.

Siku ya tatu nilizitoa boliti. Nilikaza nyuzi moja moja, simu ikinionyesha sauti sahihi, shingo yangu nimeikunja kando kwa woga. Daraja halikucheza. Uzi mmoja unakwaruza ukibonyezwa karibu na kichwa cha gitaa, na mpaka leo sijajua dawa yake. Baba aliomba alishike. Hakujua kupiga, aliegemeza sikio kwenye mbao, akagusa uzi mnene, akasikiliza mpaka sauti ikaisha. Akagusa tena.

Alirudi nyumbani baada ya daktari kuridhika na jicho lake. Mimi sasa najua nyimbo tatu za kanisani, zote za polepole. Baba akinipigia simu huanza na gitaa.

"Imeshika?"

"Imeshika, baba."

"Haya. Na wewe, umekula?"