Kumwogesha Nyota wa Sinema

Katika nyumba ya wazee kule ughaibuni, mji wa Crystal, nilipangiwa kumwogesha bibi mmoja aliyekuwa mwigizaji na mwimbaji wa sinema enzi zake. Kwetu Kenya, uchi wa mtu wa rika la mama yako hautazamwi, kwa hiyo nilimsugua huku nikitazama ukuta. Ghafla akanipiga mkono, sabuni ikaruka.

"Nitazame!" akafoka. "Watu walipanga foleni kunitazama. Wewe unalipwa, na bado hutaki?"

Damu ikanichemka. Mimi namsitiri, yeye ananikaripia! Basi nikamkazia macho, mbavu na makovu yote, ili aone haya.

Akanyoosha shingo, akaimba wimbo mzima, kisha akasubiri.

Nikampigia makofi, mikono ikiwa bado na povu.