Programu Iliyobaki Ntinda

Cheo nilichokitafuta kwa miaka nilikipoteza Jumanne mchana, kwa mikono yangu mwenyewe. Nilirudi Kampala kutoka Dubai na diploma ya kompyuta niliyojilipia kwa kulinda milango ya watu, na ofisini kwetu Ntinda hakuna asiyeijua. Bosi aliahidi kunifanya mkuu wa kitengo kama kliniki moja ya Mulago ingeikubali programu yetu ya simu. Niliandaa kompyuta peke yangu, nikaiunganisha na simu, programu ikafunguka. Nikajipigia makofi.

"Kaka, simu inavuta kila kitu kutoka kwenye kompyuta yako," mwenzangu Zainabu alinionya. "Bado hujaipakia programu ndani ya simu."

"Dada, Dubai ulifika lini?" Nikazima kompyuta, nikaenda kliniki na simu tu.

Mbele ya daktari mkuu na wauguzi wake, kioo cha simu kilibaki cheupe. Nikalaumu mtandao wao. Daktari akapiga simu ofisini kwetu, sauti ikisikika chumba kizima. Zainabu akapokea.

"Programu iko hapa mezani, daktari, ndani ya kompyuta aliyoizima."

Wauguzi walicheka waziwazi. Daktari hakucheka.

"Ssebo," akaniita bwana kwa Kiganda, "wewe pumzika. Dada, njoo nayo wewe."