Begi la Bibi Harusi Kwenye Feri

Shangazi yangu alinikabidhi begi la bibi harusi kwa masharti matatu. Lisiguse ardhi. Mtu asipite juu yake. Na lisifunguliwe na mkono wa yeyote mpaka lifike Munje, kwao bibi harusi, mbele ya wanawake wa upande wa pili.

"Hata akitokea malaika," alisema, "mwambie asubiri Munje."

Kaka yangu alikuwa anaoa. Kwetu pwani begi linapelekwa kabla ya bwana harusi mwenyewe, na wakati mwingine huwa na heshima kuliko yeye. Ndani yake hutiwa kila kitakachompamba bibi harusi kuanzia utosini hadi unyayoni: leso, magauni mapana ya madira, viatu, manukato, shanga. Likifika, somo wa bibi harusi, yaani yule mama anayemfunda mambo ya ndoa, hulifungua mwenyewe. Huinua kitu kimoja kimoja, akakitaja, na wanawake wakakipigia vigelegele. Begi likifunguliwa njiani, watu huanza kuulizana ni mkono wa nani ulioingia humo na umeacha nini. Na wakwe zetu walikuwa na historia. Miaka ya nyuma walimrudishia mtu begi lake zima kwa sababu ya mche mmoja wa sabuni ulioonekana kuwa umeguswa na maji.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi wanawake wote wa kwetu walitangulia kuvuka kwenda Likoni na gari. Gari lilijaa masufuria na mashairi, nafasi ya mtu mmoja ikakosekana, na mtu huyo nikawa mimi. Nikaambiwa nivuke kwa miguu na begi, wao watanisubiri ng'ambo. Getini begi lilipita kwenye mashine ya ukaguzi bila neno. Ndani ya feri nikaona mkokoteni mtupu umeegeshwa katikati. Mwenyewe alinikubalia kwa kichwa, nikatandika leso niliyojitanda, nikaliweka begi juu yake kama mtoto aliyelala, kisha nikasogea hatua chache kwenye kivuli, karibu na ukingo.

Maji ya mkondo yalikuwa ya kijani siku hiyo, kijani cha majani ya mgomba yakipitiwa na jua kwa nyuma. Nilikuwa nayatazama hayo, nikiyatafutia maneno, niliposikia sauti ya mwanamume.

"Moshi! Lile begi linatoa moshi!"

Nikageuka na watu wengine kutazama, nikiwa na hamu ileile waliyokuwa nayo wao. Ikanichukua muda kuelewa kwamba begi lenyewe ni langu.

Sijui kama umewahi kuona watu mia kadhaa wakitaka kukimbia mahali pasipo na pa kukimbilia. Walirudi nyuma kwa pamoja, wakasimama kingoni, na kandokando ya mkokoteni pakabaki duara kubwa tupu. Mhubiri, ambaye tangu tuondoke Mombasa alikuwa anatusihi tuwe tayari kwa siku ya mwisho, alikuwa wa kwanza kupanda juu ya lori la mchanga. Waliosoma shahada walisoma, walioita damu ya Yesu waliita. Mbele yangu baba mmoja mnene alikuwa amempigia simu mkewe.

"Sikiza mama watoto, sina muda. Hati ya shamba iko ndani ya debe la unga. Nisamehe kwa yote. Na yule wa Ukunda... yule pia ni mke wangu. Kwaheri."

"Litupeni baharini!" alipiga kelele mwenye tai, yule yule aliyeuona moshi kwanza.

"Litupe wewe!"

"Mimi nimeshatoa wazo. Kazi ya mikono ni yenu."

Askari alifika, kijana wa bara, kofia imemkaa upande kwa kusukumwa. Akauliza, "Hii begi ni ya nani?" Akauliza tena. Nikisema ni langu, mimi ndiye gaidi. Nikinyamaza, kaka yangu hana harusi. Vijana wawili wakapata mti mrefu, wakaanza kuusukuma mkokoteni kwa mbali, polepole, kuelekea ukingoni. Nikaliona begi la bibi harusi likienda baharini juu ya leso yangu mwenyewe.

"Ni langu!" nikapiga kelele.

Watu walionizunguka wakaniacha kama maji yanavyoliacha jabali. Sasa duara lilikuwa na vitu viwili, begi na mimi.

"Fungua," alisema askari.

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Lazima lifunguliwe Munje."

Akanitazama. "Munje kuna nini?"

"Kuna watu wengi wanalisubiri."

"Watu wengi," alirudia, na mkono wake ukashuka taratibu kwenye redio. "Wangapi?"

"Kama mia mbili," nilisema, kwa sababu shangazi alinifunza kuwa mkweli. "Na wote ni wanawake. Wamekaa chumba kimoja."

Nilisikia mwenye tai akimwambia Mungu wake kwamba sasa amekwisha. Feri ilikuwa imepunguza mwendo. Ng'ambo tuliiona Likoni, watu wamejaa wakitutazama, lakini nahodha hakutaka kusogea mpaka jambo la begi liamuliwe.

Ndipo akatoka mama mmoja katika kundi. Alikuwa mtu mzima, na beseni la mihogo limekaa kichwani bila kushikwa. Baadaye alinieleza kuwa ni mtu wa kijiji cha Waa. Akasimama, akainua pua, akavuta pumzi ndefu.

"Huu ni udi," alisema.

"Mama, rudi nyuma!" askari alifoka.

"Shikamoo kwanza, mwanangu, ndipo unifukuze."

Askari akaweka kofia sawa. "Shikamoo."

"Marahaba. Nimezaa saba, wote nikawafukiza kwa udi, leo uniambie nirudi nyuma? Bomu gani hilo linalonukia harusi?"

Upepo ukageuka, harufu ikatufikia sote, na mimi nikakumbuka. Chetezo! Shangazi alikuwa amenunua chetezo cha umeme cha kufukizia udi, cha kuchajiwa kama simu, ambacho aliamini hakuna mtu Munje aliyewahi kukiona. Alikuwa amekitia kabisa vipande vya udi, ili wakikitoa tu wakiwashe. Katika kusukumwasukumwa, kidude kilikuwa kimejiwasha chenyewe.

Nikaeleza yote, mbio mbio. Yule mama akaweka beseni chini, akaligusa begi ubavuni, akaondoa mkono haraka.

"Lina moto. Nguo zitaungua, binti."

"Nikilifungua, watalirudisha."

"Na likiungua utawapelekea nini, majivu?" Akafikiri kidogo. Halafu akawageukia wanawake waliokuwa kingoni. "Kina mama! Begi hufunguliwa na wanawake, sivyo? Sasa sisi ni nini, samaki? Njooni tuwe upande wa bibi harusi mpaka Likoni."

Walikuja. Walikuja walioogopa na waliolia, wenye buibui na wenye sketi, na mmoja aliyekuwa tayari amevua viatu ili aogelee. Wakavua leso zao, wakazishika pembe kwa pembe, pakawa na chumba cha leso katikati ya feri. Askari akataka kuingia.

"Lazima nione."

"Utaona utakapooa," alisema mama wa Waa. "Geuka. Leo utasikia."

Akageuka, akatoa kitabu chake cha kuandikia.

Chetezo kikatolewa kwanza, kikiwaka taa yake nyekundu, kikazimwa na kumwagiwa maji. Dira lililokuwa karibu yake lilikuwa na joto kama mkate, lakini halikuungua. Basi hapo tungeweza kufunga tu. Lakini begi limeshafunguliwa mbele ya wanawake, na mwanamke wa pwani haoni leso mpya akanyamaza.

"Leso, jozi saba!" alitangaza mama wa Waa, na vigelegele vikapaa.

"Jozi saba," askari aliandika.

"Viatu vya kisigino! Mafuta ya mwili! Shanga!"

"Shanga za nini?" aliuliza askari, akiwa bado ametupa mgongo.

Wanawake wakaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika Likoni.

"Wewe andika shanga, mwanangu, uendelee."

Watu waliokuwa kingoni wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakivutwa na vigelegele. Mhubiri alishuka kwenye lori. Mwenye tai alikuwa anawaeleza wenzake kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Baba mnene peke yake ndiye aliyebaki pale pale, ameshika simu inayolia na hataki kuipokea, analitazama begi kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa. Nadhani alitamani lilipuke.

Tulipofunga zipu, askari alichana ukurasa wake, akatia sahihi, akanipa. "Wakikusumbua huko mbele, onyesha hii." Mama wa Waa akaninong'oneza, "Usiwaambie. Kisichojulikana hakirudishwi." Akajitwika beseni na kupotea katika umati.

Shangazi alinipokea ng'ambo. "Mbona unanukia udi?"

"Upepo," nilisema.

Tuliingia Munje kwa nyimbo, begi juu ya kichwa cha shangazi. Somo wa bibi harusi alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na alifungua zipu kama mtu anayefungua jeraha. Harufu ikajaa chumba. "Mashallah, limefukizwa likafukizika," mmoja alisema, na shangazi akainamisha macho kwa unyenyekevu wa uongo. Jozi ya kwanza, vigelegele. Ya pili. Nilihesabu mpaka ya saba.

Somo akaingiza mkono, akatoa ya nane.

Ilikuwa kipande kimoja, kimepauka, kinanuka mafuta ya nazi na mihogo ya kukaanga. Pembeni kilikuwa na fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na kipande cha tangawizi. Mama wa Waa alikuwa amesahau leso yake.

Nikaukumbuka ule mche wa sabuni. Shangazi alinigeukia, uso wake umekuwa wa udongo, nami nikaona kwamba uongo wowote nitakaoutoa utakuwa na harufu ya mihogo. Nikasimama nikasimulia yote: moshi, duara, mti mrefu, chumba cha leso. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo lilifunguliwa," alisema somo.

"Ndiyo, mama."

"Na nani?"

"Wanawake wa feri."

"Walipiga vigelegele?"

"Walipiga."

"Kwa kila kitu?"

"Kila kitu. Hata sabuni."

"Na wanaume?"

"Mmoja tu, askari. Alitupa mgongo, akaandika." Nikautoa ukurasa. Somo akaupokea, akasawazisha miwani, akausoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma mtu hati ya urithi.

"Leso jozi saba. Viatu. Mafuta. Kitu cha moshi, kimoja. Shanga, matumizi hayakuelezwa."

Nyuma ya pazia, ambako bibi harusi alikuwa amefichwa asionekane, kikatoka kicheko. Alijaribu kukizuia, kikamshinda, na chumba kizima kikamfuata. Hata shangazi alicheka, huku ananifinya paja.

Somo alikunja ukurasa, akautia ndani ya begi, juu ya zile leso saba. Leso kuukuu akaikunja vizuri zaidi kuliko mpya, akanirudishia. "Hii utaipeleka Waa wewe mwenyewe, na utamwambia amealikwa." Kisha akawageukia wenzake. "Begi hili halikufunguliwa njiani. Limefunguliwa mara mbili. Nani mwingine hapa alipigiwa vigelegele mara mbili?"

Hakuna. Vigelegele vikapigwa, na kaka yangu, aliyekuwa Mombasa hajui lolote, akawa amepata mke.

Nilikuwa bado sijakaa wakati nyanya yake bibi harusi, kikongwe aliyekuwa pembeni na ambaye nilidhani amelala muda wote, aliponivuta nguo.

"Mjukuu wangu," aliniuliza, "huyo askari ameoa?"