Kola Iliyoota Shingoni mwa Kapinga

Ilikuwa mwaka 2021, mwisho wa kiangazi, wakati jua la Kolwezi linapochoma kabla ya mvua.

Binti yangu Kapinga aliota kola shingoni.

Ngozi ilikuwa nyeusi, kavu, yenye magamba, imezunguka shingo kama kola ya shati. Mikono nayo ilikuwa imepasuka hadi viganjani.

Alikuwa ameolewa Musonoi na François, mchimbaji asiyethubutu kumpinga mama yake, Fidélie. Kwa kuwa Kapinga hakuwa amezaa, Fidélie alimnyima samaki na maharagwe. Alipewa bukari, yaani ugali wa mahindi, na chumvi, miezi nenda, miezi rudi.

Nilipofika kutoka kwangu Kapata, nilimkuta ameketishwa juani, uani mwa kanisa lao. Nabii aliagiza afunge kwa bukari kavu, ati pepo achoke.

Nikaomba nimpeleke zahanati. Fidélie akacheka.

"Mama Ntumba, mutoto yako ni mulozi. Angalia shingo. Balimuvalisha sheni, munyororo ya bulozi."

"Miye ndiye nilimuzala. Namubeba."

"Ulishatupatia. Ni mwanamuke wetu."

Nikamgeukia François. Akatazama viatu vyake.

Aliyenimaliza ni Kapinga mwenyewe. Kuhara kulikuwa kumemkausha na akili zimemtoka. Akaniangalia kama mgeni, akaungama ulozi kwa upole:

"Ni kweli, mama. Nilikulaka batu."

Waumini wakapiga makofi.

Aliposhindwa hata kuketi, walimchoka, wakaniachia. Pikipiki ilimfikisha zahanati akiwa hajui jina lake. Muuguzi alimtazama shingo mara moja tu.

"Hii haiko bulozi, mama. Ni pelagra, mwili ilikosa vitamini B. Ata kule kuungama, ni ugonjwa njo ilikuwa inasema. Angekula samaki na karanga, angepona."

Jua lilikuwa limemchuna. Ile mifungo ilimmaliza.

Alifariki kabla ya mvua ya kwanza.

Ninyi mnaosoma, ngozi ya mtu ikibadilika, chungulieni sahani yake kwanza, kabla hamjamwita nabii.

Kwa desturi ya ukoo wetu, mke hazikwi mahari yake ikiwa haijakamilika. Mbuzi wangu, mbuzi wa mama mzazi, hakuwahi kuletwa. Nilikaa mbele ya jeneza uani kwa Fidélie, nikakataa lisiinuliwe.

Fidélie hakwenda sokoni. Alizunguka nyuma ya nyumba ileile alimomlishia binti yangu chumvi, akarudi na mbuzi aliyenona, akaniwekea kamba mkononi.