Mbao Tu, Afande

Juzi, ufukweni Ggaba, niliona vipande vya mbao vikishushwa kutoka kwenye trela na kufungwa kwa bolti, vikawa mashua pana ya matumbo mawili yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu. Nikakumbuka harufu ya lami uani kwetu Kisugu, alasiri ambayo baba alifungua bolti za mashua kama hiyo, aliyoiunda mwenyewe. Nilikuwa mtoto; nililia, nikidhani anaivunja.

Tulipovisafirisha vipande hivyo kwenda ziwani, kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi aligonga mzigo wetu kwa mtutu wa bunduki. “Mzee, hii nini?”

“Mbao tu, afande.”

“Ingekuwa boti, tungechukua. Haya, enda!”

Ziwani, baba alikaza bolti kwa spana moja, mashua ikawa pana kuliko lango la ua wetu. “Sasa panda, binti yangu.”

Leo nami nabuni mashua za namna hiyo. Kipande chochote ambacho yule mwanajeshi angekitambua kuwa cha mashua, nakichora upya.