Silensa ya Baba Seifu

Kila nipitapo karibu na gereji, pua yangu ikakutana na petroli isiyoungua vizuri, nageuza uso. Wengine harufu ile huwaumiza kichwa. Mimi, wenzangu, huona haya.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kijivu, akibeba watu na mizigo kati ya Kilambo na Mtwara mjini. Tulikaa Shangani, na mtaa mzima ulijua saa aliyorudi, maana gari lile halikukubali kuzimika. Baba huzima swichi, huchomoa ufunguo, hufika kibarazani, na injini bado inatikisika, gu-gu-gu, mpaka ikohoe moshi na kunyamaza. Watoto wa jirani walikuja kulicheka. Walisema lina shetani. Mama, ambaye siku hizo alikuwa mjamzito mwenye tumbo kubwa, alisema tu, "Liacheni, litazima lenyewe." Mimi nilikuwa na miaka tisa, na aibu ya kuwatosha watu wazima watatu.

Akaitwa Fundi Agusto, Mmakonde aliyevuka Ruvuma na wazazi wake, aliyemjua Baba tangu Baba alipokuwa akiishi Kilambo, kando ya mto huo. Yeye alimwita Baba Seifu. Nyumbani kwetu hapakuwa na Seifu yeyote. Mtoto wa pekee nilikuwa mimi, Zuhura. Nikadhani ni utani wa watu wa mtoni.

Fundi alifungua plagi, akakwangua masizi, akanusa petroli, kisha akaisikiliza injini ikiunguruma.

"Silensa iko juu mno, Baba Seifu. Gari limesimama, injini inakimbia. Ukizima swichi, yenyewe inaendelea kuvuta petroli, na masizi yaliyopata moto yanaiwasha."

Akageuza skrubu ya kabureta, injini ikapunguza mbio. Baba alipozima swichi, injini ikazima papo hapo. Nilipiga makofi.

Kesho yake gu-gu-gu ikarudi. Fundi akaishusha silensa tena, nayo ikapanda tena. Mwishowe alikuja amenuna, akauliza mbele ya majirani ni nani anayeichezea kabureta. Sasa mimi, asubuhi ile, nilikuwa nimemwona Baba ameinama chini ya boneti na bisibisi mkononi. Nikajitoa mbele kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Ni Baba mwenyewe!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba alitazama viatu vyake. Fundi peke yake hakucheka, aliliangalia tumbo la Mama, akamgeukia Baba na kusema taratibu, "Basi niiache, Baba Seifu?"

"Ishushe," Baba akajibu.

Uchungu ulimshika Mama wiki ileile, mchana. Baba aliwasha gari, akavuta breki ya mkono, akaniweka kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga mafuta kidogo. Isizime, Zuhura. Nasema isizime!"

Akaingia ndani kumchukua Mama. Nilikanyaga huku nikilia, nikiamini ananiadhibu kwa ajili ya mdomo wangu.

Alirudi jioni kutoka hospitali. Mdogo wangu alikuwa amezaliwa salama. Baba akazima swichi, injini ikanyamaza mara moja, naye akabaki ndani, paji la uso juu ya usukani. Nilijua bado amenikasirikia, nikajificha jikoni.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa Mama aliponieleza. Seifu alikuwa kaka yangu, aliyenitangulia, mtoto wa kunyonya. Alipata homa kali, wakawa wanamkimbiza hospitali kutoka Kilambo. Silensa ilikuwa chini. Gari likazima kwenye mchanga. Baba alihangaika kuliwasha mpaka ikawa hakuna haja tena. Tangu siku ile hakuiamini injini iliyotulia, na kila Mama alipopata mimba, Baba aliamka alfajiri na bisibisi.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikiponza kichwa cha baba yangu, mbele ya mtaa mzima, na hadi anafariki sikumwomba radhi. Mama alijua, na kila jioni aliliacha gari lizime lenyewe. Mimi nilipiga makofi.